Teofili Kassian na Kioo cha Lionja

Bwana Teofili Kassian, Mkuu wa Maabara, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Alianzia Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kisha akahamia hospitali yetu hapa Nachingwea, ambako wengi wetu tulijifunza kazi mikononi mwake.

Wagonjwa wanamkumbuka kwa wepesi wa sindano yake na kwa meza yake. Meza hiyo imejaa pepaweti, yale madonge ya kioo yenye maua ndani ambayo zamani yalizuia karatasi zisipeperushwe na feni. Huzipata minadani, na nyingine hupewa na makarani wanaohama ofisi. Kila moja humnyima raha mpaka ajue ilitengenezwa wapi. Wakati wa chai alitueleza kwamba kioo cha zamani cha Waingereza huwa kizito kwa sababu ya madini ya risasi, na kwamba kilichokaa mezani miaka mingi hujaa mikwaruzo midogo chini.

Na bado alikosea, tena mbele yetu.

Bi Mwamini Saadi wa Lionja alikuja kupima malaria, akaziona pepaweti. Siku ya pili alirudi na ya kwake, iliyokuwa ikizuia kitambaa cha mtungi wa mama yake. Aliuliza tu imetoka wapi. Bwana Teofili akatazama maua kwa lenzi, akafurahi, akatangaza kuwa ni ya Uingereza, ya zamani, na ina thamani. Bi Mwamini akaifunga kwenye kanga, akaondoka bila kuaga.

Muuguzi Goreti, mwenyeji wa Lionja, ndiye aliyetufumbua macho. Marehemu Mzee Saadi, baba yake Bi Mwamini, alikuwa mfagiaji wa ofisi enzi za mashamba ya karanga ya Wazungu, na watu walidai kioo hicho alikiiba humo. Tangu afariki, kila ukoo wao unapozika, watani hufunga jiwe kwenye kitambaa, mmoja akijifanya Mzee Saadi akanyata nalo kuzunguka msiba, wengine wakipiga kelele: "Mshikeni Saadi, ataondoka na jeneza!" Ulikuwa utani, lakini wajukuu walikuwa wameanza kuuamini. Bi Mwamini alikuja kusafisha jina la baba yake, na maabara ikamthibitishia wizi.

Bwana Teofili hakumaliza chai. Jumamosi alipanda bodaboda hadi Lionja akiwa na mizani ndogo ya ndoano. Bi Mwamini alimwambia: "Si umeshasema? Sasa unataka useme mara ngapi?" Akamjibu kuwa alitazama juu tu, hakugeuza. Akakaa kwenye ngazi mpaka akapewa.

Chini kioo kilikuwa laini, bila mikwaruzo ya mezani. Ubavuni kilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Alikining'iniza kwenye mizani, akakipima hewani, kisha ndani ya ndoo ya maji, akapiga hesabu: hakikuwa na risasi. Akatuma picha kwa Yunusi, mkusanyaji mwenzake wa Dar es Salaam, ambaye anacho kioo pacha cha hicho, maua yaleyale, kikiwa bado na karatasi ya kiwandani. Kilitengenezwa China na kuuzwa madukani miaka ya sabini. Wakati huo Wazungu wa karanga walikuwa wameondoka zamani, na Mzee Saadi alikuwa akipalilia mikorosho yake.

Bwana Teofili aliyarudia hayo mbele ya ukoo mzima, akaongeza kwa masikitiko kwamba basi kioo hakina thamani. Bi Mwamini akamwambia hajawahi kufurahia kitu rahisi namna hiyo.

Mwaka huu kaka yake Bi Mwamini alipozikwa, watani walikuja na jiwe lao. Safari hii aliyejifanya Saadi hakunyata. Alisimama katikati ya msiba akabishana bei na mtani mwingine aliyejifanya Mchina muuza kioo, mpaka Mchina akalia. Bwana Teofili alikuwepo, akacheka hadi akavua miwani.

Mzee Saadi alikinunua wapi, na kwa nini hakumwambia mtu? Swali hilo Bwana Teofili anaondoka nalo. Sisi anatuachia moja fupi, ambalo sasa huulizwa maabara kabla ya jibu lolote kutoka: umegeuza?

Asante, Mkuu, kwa kazi na kwa ile safari ya Jumamosi. Tunakuombea afya, korosho zenye bei, na minada isiyokwisha vioo.