Telesphory Hilario, Aliyesimama Katikati

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 10 Novemba 1984, ni Telesphory Hilario. Alizaliwa hapa Kisarawe tarehe 3 Machi 1944, mtoto wa kwanza wa Mama Tereza na marehemu Mzee Hilario, wakulima wa mihogo na korosho. Angali mdogo, mama yake alimtuma kwa jirani, Bi Zubeda: "Kamwambie, mbuzi wake akigusa tena mihogo yangu, namchinja!" Telesphory alifika akasema, "Shikamoo. Mama anakusalimia, anaomba umfunge mbuzi." Bi Zubeda alimrudisha na boga. Mama Tereza alilipika huku akishangaa jirani kapatwa na nini.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha Pugu, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1962. Hesabu alizipenda. Jembe alilikwepa, na hilo hatulifichi.

Mwaka 1966 aliajiriwa na shirika moja la umma Dar es Salaam, katika chumba cha kompyuta. Mwaka 1974 uagizaji wa kompyuta uliposimamishwa nchini, shirika lilibaki na mashine moja tu, ya kazi na ya kujifunzia. Wanafunzi wangejifunza vipi bila kuharibu? Marehemu alitengeneza, ndani ya mashine ile ile, mashine ya kuigiza. Aliyeitumia aliamini kompyuta nzima ni yake. Kwa kawaida programu haigusi yenyewe kanda, ule utepe wa sumaku unaohifadhi kumbukumbu. Huiomba programu kuu isome, iandike au ifute. Maombi ya mashine ile ya kuigiza marehemu aliyawekea mlinzi njiani. Ombi la kusoma lilipita. Ombi la kufuta lilinaswa, likatolewa sumu, na programu ikajibiwa "tayari", ikaendelea na kazi bila kujua kwamba hakuna kilichofutwa.

Siku moja mwanafunzi wake, Wilbrod, alipachika kwenye mashine ya kuigiza kanda halisi ya majina ya wakulima wa korosho akidhani ni ya mazoezi, akaamuru ifutwe. Alipogundua, alimkimbilia marehemu.

"Mkuu, nimewafuta wakulima wote!"

"Hujafuta hata mmoja. Nenda kanywe chai."

Kanda iliposomwa upya, majina yote yalikuwemo.

Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa na Benedikta, mwalimu kutoka Dutumi, wakahamia Tumbi. Hawakujaliwa mtoto. Mama Tereza mwenyewe ameruhusu lisemwe hili: alitaka Benedikta arudishwe kwao. Kila mwanawe alipokuja Kisarawe alimwambia, "Huyo mrudishe Dutumi." Naye alijibu, "Nimesikia, mama." Akifika Tumbi alimwambia mkewe, "Mama anakusalimia sana." Benedikta, kwa furaha, akatuma khanga. Mama akaipokea akidhani ni zawadi ya kuagia. Akiuliza mbona mwanamke bado yupo, alijibiwa, "Mambo yanakwenda, mama." Miaka ikapita hivyo.

Mwezi Mei mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa hospitali ya Tumbi. Mama Tereza alihamia nyumbani kwa mwanawe ili kumuuguza. Mlinzi sasa alikuwa kitandani, na wanawake wale wawili wakabaki uso kwa uso. Kando ya kitanda, Benedikta alimshukuru mkwewe kwa salamu za miaka yote.

"Salamu zipi, mwanangu?"

Walipomgeukia mgonjwa, alijifanya amesinzia.

Jioni Mama Tereza alimwambia Benedikta, "Sikukusalimu hata siku moja. Nilisema urudishwe kwenu." Benedikta alilia, na mama akalia pia, kwa aibu. Kisha walimwogesha mgonjwa pamoja, mmoja ameshika beseni. Wakaendelea hivyo hadi asubuhi ya Alhamisi tarehe 8 Novemba, alipofariki dunia.

Marehemu ameacha mama, mke, na dada yake, Ursula, anayewasomea wasifu huu. Jana, katika kikao cha ukoo, mmoja wa wazee aliuliza mjane atasindikizwa lini Dutumi. Mama Tereza alisimama kabla mtu mwingine hajajibu.

"Agizo hilo nililitoa mimi, na mimi ndiye ninayelifuta. Benedikta ni mwanangu. Haendi kokote."

Safari hii maneno ya mama yalimfikia Benedikta kama yalivyosemwa. Aliyekuwa akisimama katikati amemaliza zamu yake. Apumzike kwa amani.