Mama Evarista na Sasisho Lililokataa Kuingia

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mama Evarista Habonimana wa ofisi ya shule yetu anastaafu rasmi tarehe 31 Julai 2025. Katika miaka hiyo cheo chake kimebadilishwa jina mara mbili: aliajiriwa kama mpiga chapa, akawa katibu mahsusi, na sasa ni mwandishi mwendesha ofisi. Kazi yenyewe, anasema, haikuwahi kupewa taarifa ya mabadiliko hayo.

Alizaliwa Bugarama, wilayani Ngara, katika familia ya wakulima wenye asili ya Burundi. Mwaka 1991 aliajiriwa wilayani humo akiwa na cheti cha upigaji chapa na vidole vizito vilivyosikika hadi chumba cha tatu. Wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi walipomiminika mwaka 1994, aliazimwa kwenda kuchapa orodha za majina, kwa sababu alijua Kirundi na hakuwa mtu wa kubahatisha herufi. Alimuuliza kila mtu jina lake mara mbili. Anasema wengine hawakuwa wamevuka mpaka na kitu kingine chochote.

Alihamia kwetu Biharamulo mwaka 2006, akakuta walimu wanaochanganya l na r bila huruma. Tangu hapo hakuna karatasi iliyotoka ofisini bila yeye kuisoma. Hupenda pia tarehe kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Huiandika kwenye mfuko wa sukari ya ofisi, kwenye ufagio mpya, na kwenye balbu ikibadilishwa. Sisi tulikuwa tukicheka. Tuliacha Februari mwaka huu, na ni mimi, Audax, mwalimu wa TEHAMA, niliyepaswa kuacha mapema zaidi.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya kusajili watahiniwa wa kidato cha nne. Mfumo ungefungwa saa kumi jioni, na tulikuwa na wanafunzi mia moja na kumi na wawili. Usiku uliotangulia umeme ulikuwa umekatika. Asubuhi niliwasha kompyuta ya ofisi, ambayo ndiyo pekee yenye picha na taarifa zao, na mfumo ukagoma kufunguka. Nikaona kivinjari changu, yaani programu ya kufungulia mtandao, ni cha zamani, nikisasishe kwanza. Nikabonyeza. Ikaandika: imeshindikana, jaribu tena baadaye.

Nilijaribu tena baadaye. Nilizima na kuwasha. Nilisogeza modemu dirishani. Nilifuta nyimbo zangu zote za kwaya ili kupata nafasi, nikasimamisha kinga ya virusi, nikaomba kimyakimya. Saa saba mchana nikapata wazo ambalo hadi leo mkuu wa shule, Mwalimu Biubwa Kombo, hulitaja kwenye vikao: nilikiondoa kivinjari cha zamani kabisa ili niweke kipya. Cha zamani kilitoka vizuri sana. Kipya kikakataa kuingia. Sasa hatukuwa na kivinjari chochote.

Mwalimu Laurian wa taaluma alikwisha kupanda pikipiki kwenda mjini na taarifa zile kwenye flashi, lakini mvua ilimkwamisha njiani. Nje ya ofisi wanafunzi walijazana dirishani wakiniangalia kama daktari aliyepoteza miwani. Saa nane na nusu mkuu wa shule alikata tamaa. Akaniambia nichape barua ya kuomba radhi wilayani, kisha nimpe Mama Evarista aigonge muhuri.

Mama aliisoma, akaiweka mezani, akafunga kidau cha wino.

“Mwalimu, barua hii sigongi.”

“Mama, tafadhali, muda umekwisha.”

“Muda upi? Hapa umeandika tarehe mosi Januari 2009. Watoto hawa wa dirishani mwaka huo walikuwa wananyonya.”

Sikuwa nimeandika mimi. Ile tarehe hujiweka yenyewe kutoka kwenye kompyuta. Nikatazama pembeni ya kioo: 2009. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya mashine ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika, kompyuta ikarudi zamani. Kwa kuwa iliamini tuko mwaka huo, kila cheti cha usalama cha mtandao ilikiona hakijaanza kutumika, ikafunga mlango. Nikarekebisha tarehe. Kivinjari kipya kikaingia kwa dakika nne.

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Nikapakia taarifa nilizokwisha kuziandaa, nikanyoosha kidole kubonyeza kitufe cha kutuma, na Mama akanishika mkono.

“Tusome kwanza.”

“Mama, mfumo unafungwa!”

“Kwa hiyo soma haraka.”

Alisimama dirishani akaita majina yote mia moja na kumi na mawili, na kila mmoja akaitikia na kuthibitisha. Mkuu wa shule alikuwa akitembea huku na huko, jasho linamtoka. Namba ya sitini na tatu, binti aitwaye Akimana, nilikuwa nimemwandika Arimana. Namba ya tisini, Taufiki, nilikuwa nimemfanya msichana. Tukasahihisha. Tukatuma saa kumi kasoro dakika saba, na kelele za wanafunzi zikawafukuza kunguru wa jikoni.

Mimi nilikaa chini sakafuni. Mama Evarista alimwamuru Akimana aje asome jina lake kwenye kioo kwa macho yake mwenyewe. Binti alilisoma polepole, akamwinamia, akasema shikamoo, ingawa alikwisha kumwamkia asubuhi. Mama akaitikia marahaba, na kwa mara ya kwanza tulimwona akitafuta leso.

Sasa anarudi Bugarama kwa mumewe, Mzee Frednand, na kwenye kahawa waliyopanda pamoja. Mama Evarista, asante kwa kila jina ulilolilinda. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, mvua ikunyeshee kwa wakati, na wajukuu waitike ukiwaita mara moja tu. Lango letu liko wazi kwako siku zote, na kiti cha kivulini ni chako.