Mwangaza wa Lupango ya Burungu: Safari ya Habumugisha Valens

Wazazi, majirani, ndugu katika Kristo, mutulie kidogo, jamaa inawasomea maisha ya marehemu mutoto wetu Habumugisha Valens, Papa Claudette.

Alizaliwa Burungu, territoire ya Masisi, tarehe 18 Aprili 1995, mutoto wa marehemu Nzabandora na Mama Mukankusi, walimaji wa maharagi, akasoma primaire palepale, akapata diplome ya Etat Kitchanga mwaka wa 2014, na 2015 akashuka Walikale, ambako Papa Athanase, mujengaji, alimufundisha kuchora nyumba mu ordinateur, ile kompyuta, mwenye kiwanja aione imesimama, na jua ndani yake, mbele ya tofali la kwanza kuwekwa.

Tarehe 11 Julai 2020 alimuoa Sidonie, tarehe 19 Machi 2022 Mungu akawapa Claudette, na Januari 2023 nyumba ya Burungu iliungua mu vita, Mama Mukankusi akafika Walikale na kitenge kimoja, bila hata picha.

Agosti 2024 ugonjwa wa mafigo ulimushika, njo akaanza kuijenga ile nyumba iliyoungua mu ordinateur, Claudette ajue kwao, na Sidonie aliogopa, aliogopa sana, bwana yake asikufe mbele ya kuimaliza, maana kila picha Mama Mukankusi alikataa: "Hii iko nyumba ya padri, hakuna muntu anapikaka mule." Valens alikuwa ametia mu picha taa nyeupe juu, vile wateja wanapendaka, hata moshi wa ukutani ukaonekana kama rangi ya dukani, mpaka siku moja mama akachoka: "We mutoto, kwetu mwangaza ilikuwa inatoka chini!" Valens akacheka mpaka akakohoa, akazima taa zote, akabakiza jua moja tu, lipige udongo mwekundu wa lupango, ule uwanja wa mbele ya nyumba, udongo urudishe mwangaza kupitia mulango mpaka kwenye mafiga ya kupikia na chini ya paa, ordinateur ikaupigia ule mwangaza hesabu siku mbili nzima mpaka picha ikatoka, na tarehe 6 Mei 2025 mama akaangalia, akauliza: "Nani ameacha mulango wazi? Mbuzi zitaingia."

Ijumaa tarehe 9 Mei, saa tatu ya asubuhi, Valens alilala mu Bwana, mu kitanda chake, si kwa risasi, si njiani, mukono wake ndani ya mukono wa Sidonie, ambaye alilia sana, lakini ule woga ulikuwa umekwisha kumutoka, maana nyumba ilikuwa imemalizika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji, Papa Athanase na wafanyakazi wenzake walioleta panneau ya jua na batri, ordinateur isizimike.

Pumzika sasa kwa amani, Papa Claudette, ule mulango tutauacha wazi.