Unga wa Pumzi Fupi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri; Bwana Mohamedjaffer uliyetupatia ghala hili; wagonjwa wetu na majirani wa Chang'ombe: karibuni. Kabla ya kueleza tulichofanya, tunakiri ambacho hatukukiona mapema: tuliunda dawa ya mapafu kwa kipimo cha vifua vyetu wenyewe, vifua vya watu wazima wa afya.

HISTORIA
Mwaka 1995 tulianza kutafuta chembe za polima, ndogo kuliko vumbi linaloelea kwenye mwanga wa dirishani, ambazo mtu atazivuta kwa pumzi, zitue ndani ya mapafu, ziachie dawa polepole, kisha ziyeyuke. Zikitiwa mionzi hafifu, kamera ya hospitali huonyesha zilipotua. Tulizijaribu sisi kwanza. Mapafu yetu yaling'aa pichani kama kichaka cha asumini kilichochanua.

Kisha akaja Mzee Mwinshehe, aliyefanya kazi kiwanda cha pamba hadi kifua kikambana. Tukamwambia avute kwa nguvu.

"Wanangu," akasema, "hiyo pumzi ya nguvu ndiyo niliyoifuata hapa. Ningekuwa nayo, nyie mngenijulia wapi?"

Tulicheka naye. Picha ilipotoka ilionyesha unga wote umekwama kooni.

MAFANIKIO
Tukaziunda chembe upya, kubwa kidogo lakini zenye matundu, nyepesi kama sufi. Hizi hazisubiri kuvutwa kwa nguvu; hufuata pumzi iliyopo, kama moshi wa udi unavyoingia chumba cha pili bila kubisha hodi. Picha mpya ya Mzee Mwinshehe ilionyesha nuru hadi chini kabisa.

"Babu, tazama, zimefika," alisema Zohra, mpiga picha wetu.

"Basi zisiage haraka. Ndiyo kwanza zinakaribishwa."

Sasa hutumia unga huo kila siku, na hulala chali, jambo alilokwisha kulisahau.

TATIZO
Chembe hizi haziwezi unyevu. Masika yakiingia, unga hushikana mabonge na haufai tena. Mashine ya kukausha hewa imezuiliwa bandarini tangu Desemba. Imeandikishwa kuwa kiyoyozi, bidhaa ya anasa.

OMBI
Mheshimiwa, mawingu yameanza kutanda Temeke. Tunaomba neno lako moja bandarini: kwamba hewa kavu, kwa watu hawa, si anasa.

Mwenyezi Mungu akujaalie kifua chepesi na maisha marefu.

Imesomwa na Rukaiya Marijani, kwa niaba ya
Kikundi cha Utafiti wa Dawa za Pumzi, Chang'ombe.

Nyongeza katika nakala ya kikundi: Mashine iliwasili Jumanne iliyofuata. Mvua ilianza Alhamisi. Mzee Mwinshehe hakukosa dawa.