Wa Mwisho Ndiye Mwenye Kitanda

Kwenye basi la Inari, huku kwetu kaskazini ya mbali kwenye theluji, mgeni wa kusini alimwonyesha jirani yangu, mama Aune, ramani ya safari yake ya siku kadhaa kwa pikipiki ya theluji. "Kila jioni nitawahi kibanda cha wasafiri, nijichagulie kitanda." Mama Aune akacheka. "Uwahi, baba? Huku mwenye haki ni anayefika mwisho. Kikijaa, wewe uliyekwisha kuota moto unampisha, unalala nje."

Mgeni akafikiri, watu wa kusini hufikiri polepole. "Basi nitafika wa mwisho."

"Hata sisi mwaka jana tulisema hivyohivyo. Tukajificha nyuma ya kilima, mashine tumezima, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie."

"Kibandani alilala nani?"

"Panya."

Basi likasimama. "Tangulia, mama," mgeni akasema.

"Thubutu! Tangulia mwenyewe."