Siku Sita za Mama Safu

Wafiwa wenzetu, viongozi wa dini, majirani wa mtaa huu, na ninyi nyote mliotoka kiwanda kikuu na tawini, familia imeniweka mimi, mdogo wake anayemfuata, nisome maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza niseme kwamba yeye mwenyewe alinipa sharti moja akiwa kitandani hospitalini, kwamba nisithubutu kumwita jasiri mbele za watu, kwa kuwa alikuwa mwoga na alitaka ijulikane hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba za walimu za shule ya msingi alikofundisha baba, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na mama alikuwa akitusimulia kwamba alichelewa kutembea kwa hofu tu, akishika ukuta hadi miezi kumi na tisa, na siku alipouachia alipiga hatua nne, akaketi chini, akalia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa lifti, na simu ikilia ghafla alikuwa anashika kifua kwanza ndipo anapokea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, sekondari kuanzia 1983 hadi 1986, kisha akasomea uhasibu kwa miaka mitatu na kuhitimu tarehe 30 Novemba 1990, akiwa wa pili katika darasa la watu arobaini na wawili, na baba alipomuuliza ni nani basi aliyekuwa wa kwanza, alijibu kwamba ni mmoja aliyeweza kunyoosha mkono darasani.

Tarehe 2 Aprili 1991 aliajiriwa kuwa karani wa hesabu katika kampuni ya magodoro, na mwaka 2004 akapandishwa kuwa mkuu wa kitengo cha mipango ya fedha, kazi ambayo kwa lugha nyepesi ni kukusanya makadirio ya kila idara na kuwaambia wakubwa mwaka unaokuja utakuwaje. Jina la Mama Safu alilipata huko, kwa sababu ya rula ya mbao aliyokuwa akiitelezesha juu ya karatasi, safu moja baada ya nyingine, na ole wake aliyemsemesha kabla rula haijafika chini.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995 na shemeji yetu, fundi wa majokofu, aliyekuja kutengeneza jokofu la kantini ya kiwanda na akarudi mara tatu kulikagua ilhali lilikuwa limeshapona, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye leo ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa mwaka 2001. Mwaka 2016 shemeji alianguka kutoka juu ya paa akiwa kazini, akavunjika nyonga, na tangu hapo nyumba nzima ikawa inaegemea mshahara wa dada.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo aliniagiza nilisome lote bila kuruka.

Ile programu ya zamani ya kupangia bajeti, iliyotengenezwa na fundi mmoja aliyekwisha kuhamia nchi nyingine, haikujua kugawa gharama za malori kati ya kiwanda kikuu na tawi, ilizitupa zote kwa tawi, hivyo tangu mwaka 2009 marehemu alikuwa akizigawa mwenyewe kila mwezi, katika jedwali lililokuwa ndani ya kompyuta yake tu, na ripoti ilipofika kwa wakubwa ilikuwa imeshanyooka. Alisema ni kwa muda mfupi hadi apatikane fundi, na muda huo mfupi ukawa miaka kumi.

Machi 2019 kampuni ilileta mfumo mpya, na pamoja nao akaja mshauri wa kuusimika, mwanaume mpole mwenye miwani, aliyempa kila mkuu wa kitengo karatasi ya kuorodhesha mambo yote yanayofanyika nje ya programu. Marehemu alikumbuka kwamba mwenzake wa ghala alifukuzwa kazi kwa kuwa na daftari lake la pembeni, akamfikiria mumewe na magongo yake, akafikiria ada za vyuo viwili, akaandika neno moja, "Hakuna," akatia sahihi.

Jumanne tarehe 11 Juni, katika chumba cha mikutano, mfumo mpya ulionyeshwa kwa mara ya kwanza, na pale ukutani tawi likaonekana jekundu kuanzia mwaka 2009, miaka yote kumi hasara tupu, kwa sababu takwimu zilichotwa moja kwa moja kutoka programu ya zamani, bila lile jedwali. Mkurugenzi wa fedha alisema kwamba sasa ukweli umejitokeza, na kwamba bodi itakapokaa Jumatano ya tarehe 19 atapendekeza tawi lifungwe, na watu mia moja themanini na sita walipwe haki zao waende. Wote wakageuka kumtazama Mama Safu aseme neno, naye akainamia daftari lake akaandika tarehe ya siku ile, akaiandika tena, na tena, hadi mkutano ukaisha.

Alikaa siku sita bila kusema. Aliniambia kwamba alifunga mlango wa nyumba na kusahau funguo nje, kwamba sauti ya viatu ikipita koridoni alijua wanamfuata yeye, na mbaya zaidi ni kwamba kila asubuhi alikuwa anaamka na nafuu kidogo, akijiambia labda hakuna atakayejua, na hiyo nafuu ndiyo ilimtisha kuliko yote.

Jumatatu tarehe 17 msimamizi wa tawi alimpigia simu, hana habari, akamsalimu kwa bashasha yake ya siku zote, akauliza, "Mama Safu, buti za mwakani niagize jozi mia na themanini na sita zilezile, au uniongezee kumi? Kuna vijana nataka kuwaajiri." Marehemu alisema, "Subiri kidogo," akaweka simu mezani bila kuikata, akatoka, akapanda ngazi hadi ghorofa ya saba kwa miguu, maana lifti hakuiweza hata siku ile.

Alipofika kwa mkurugenzi katibu akampa maji, nusu yakamwagikia blauzi, na alipoingizwa ndani alisema akiwa bado amesimama mlangoni, "Takwimu za tawi si sahihi, na kosa ni langu."

"Rudia," akasema mkurugenzi.

Akarudia.

"Na hii sahihi hapa ni ya nani?" akauliza, akimwonyesha ile karatasi ya mshauri.

"Yangu."

"Kwa nini uliandika hakuna?"

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi, bosi, lakini bodi inakaa keshokutwa."

Kwa siku mbili yeye na mshauri walilinganisha jedwali lake na stakabadhi za malori, maboksi arobaini na moja yaliyoshushwa kutoka ghalani, na mshauri hakumkaripia, alimwambia tu, "Mama, ungeniambia mwezi wa tatu tungemaliza kwa nusu saa," maneno ambayo dada alisema yalimchoma kuliko barua yoyote. Tawi lilitoka na faida, ndogo lakini ya kila mwaka, bodi ikaliacha, na yeye akapewa barua ya onyo kali, akasimamishwa miezi mitatu bila mshahara, akavuliwa ukuu, akarudi kwenye meza ya karani kama alivyoanza.

Ninyi wa tawini mlioketi upande huu, wengi wenu mnayasikia haya leo kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kukanyaga tena tawini, na mwaka huu mlipokuja kumwona wodini na mchango wenu alijifunika shuka akijifanya amelala, kisha akaniambia niwaombe radhi akiwa hayupo kuona nyuso zenu, kwa siku sita ambazo alijua na akanyamaza.

Ugonjwa ulianza Novemba 2021, miguu kuvimba na pumzi kukata, ikagundulika moyo umepanuka, akatibiwa akiwa anatoka nyumbani, akalazwa tarehe 3 Februari 2024, na Alhamisi tarehe 22 Februari, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akafariki, binti yake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliopokezana kumpikia shemeji, mkurugenzi wa fedha aliyeturuhusu kuyasoma haya, na mshauri yule aliyesafiri kuja. Na jana, kwa heshima, tulikwenda kwa msimamizi wa tawi kumwambia kabla hajayasikia hadharani, akauliza kama alikwenda kukiri siku ile ya simu ya buti, tukamwambia ndiyo, akasimama akasema, "Mimi nitabeba jeneza mbele, kulia."

Dada, tulia sasa, na Mungu akupe amani yake.