Mbwa Aliyepelekwa Kisaki

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Deogratias, mkulima wa kabichi na karoti kule milimani, juu ya Mlali. Tumemzika Jumamosi iliyopita. Ameuawa na kichaa cha mbwa. Narudia: kichaa cha mbwa, ugonjwa wenye sindano yake. Nina uchungu, na sitauficha.

Mzee alikuwa mcheshi. Hakupita shambani kwa mtu bila kumtania kwamba kabichi zake ni ndogo kama limau. Lakini kwa wapwa zake alikuwa zaidi ya mcheshi. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wake. Mjomba akikuletea kitu, unapokea kwa mikono miwili na huna la kusema.

Mpwa wake Veronika ameolewa Kisaki. Mwaka huu nguruwe pori walimmalizia mahindi. Akapiga simu: "Shikamoo mjomba. Huku tutakufa njaa." Mzee akajibu, "Marahaba mama. Nakuletea mlinzi." Akaomba mtoto wa mbwa kwa jirani, akamtia kwenye kapu, akashuka naye mjini. Akalala mtaa wa Mafiga kwa binamu yake, na asubuhi akapanda basi la Kisaki.

Barabara ile mnaijua. Mvua zilikuwa zimeikatakata. Basi likakwama, abiria wakashuka kusukuma, likakwama tena mbele. Konda alishasema hataki mbwa ndani ya basi lake. Kwa hiyo kila mbwa alipolia, mzee aliingiza mkono kwenye kapu kumziba mdomo. Akang'atwa kidole gumba. Akakifunga kwa leso.

Kisaki watoto walirukaruka kwa furaha. Mzee akaondoka bila Veronika kujua habari ya kidole. Mkewe, Mama Scholastika, alipomuuliza kwa nini, akasema, "Mtoto wa watu angeona aibu, kwamba nimeumia kwa ajili ya shida yake."

Jirani yao Catherine ni muuguzi, na alikiona kidonda. Anasema: "Nilimwambia, babu, nenda mjini leo hii kachome sindano, usisubiri. Akasema, ngoja kwanza nimuulize Veronika hali ya mbwa."

Wasikilizaji wapendwa, ni hapo. Mzee anapiga simu, mbwa ameshakufa. Alitokwa mate, akayumba, akawa anang'ata hata miti, akafa, wakamzika nyuma ya nyumba. Narudia: mbwa alikuwa ameshakufa. Mjomba akauliza, "Mbwa hajambo?" Veronika akajibu, "Hajambo, mjomba. Kanenepa huyo!"

Nimezungumza na Veronika. "Sasa ningemwambiaje?" ananiuliza. "Mzee wa watu katoka milimani na mbwa mapajani, mimi nimwambie zawadi yako imekufa? Nilitaka afurahi." Na kweli alifurahi. Alimwambia Catherine, "Umesikia? Mbwa mzima." Akarudi kupalilia karoti zake.

Wiki kadhaa baadaye maji yakamshinda kunywa. Kikombe kikisogezwa tu, koo linakaba. Alipofikishwa hospitali akawaeleza madaktari habari ya kidole. Wakampigia Veronika, naye akasema kweli huku analia. Wanawe waliocheza na yule mbwa wakakimbizwa kuchomwa sindano. Wako salama, tunashukuru. Babu yao alikuwa amechelewa.

Msibani watu walimwambia Veronika kwamba ni mapenzi ya Mungu. Akawajibu, "Msimsingizie Mungu. Aliniuliza mimi." Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mama Scholastika, pole sana. Veronika, pole sana mdogo wangu, kwa kuwa najua unanisikiliza. Poleni ukoo mzima. Mungu ampumzishe mzee wetu.

Nanyi wengine, ukiumwa na mbwa, hata awe mdogo namna gani, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usimuulize mtu mwingine kwanza. Na kama yupo ndugu yako aliyekuuliza jambo, ukamficha ukweli ili tu asiumie, mpigie. Sisemi baada ya kipindi. Mpigie sasa hivi. Mimi nanyamaza, upate nafasi ya kuongea.